Aliyekuja Kuolewa

"Rudia."

"Mzee, nimekuja kwa heshima zote kuomba kumuoa binti yako."

"Tena."

"Mwalimu, nimeshasema mara tisa."

"Na ya sita uliivuruga. Tena."

Walikuwa wamesimama nje ya geti la baba yake Mwalimu, Jumapili, saa kumi kasoro dakika kumi. Mtu mzima wa miaka thelathini na sita, amevaa suti ya kijivu iliyopigwa pasi mpaka ikanyooka kama karatasi, anafanyishwa zoezi la lugha barabarani. Waliopita walimtambua. Mwendesha baiskeli mmoja nusura aingie mtaroni kwa kugeuza shingo. "Bado! Kocha Bado!" aliita, na yule bwana akainua mkono kumpungia huku midomo ikiendelea kuikariri ile sentensi.

Mwalimu alimwekea ukosi vizuri, ingawa ukosi haukuwa na tatizo lolote. Vidole vyake vilitaka sababu tu. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa amemtazama mtu huyu, mwanzoni kwa jicho la mwalimu, halafu kwa jicho la kuibia, na sasa waziwazi, lakini moyo wake haukuwa umejifunza kutulia. Lile kovu juu ya nyusi, alilolipata akiokoa mpira wa kichwa dakika ya themanini na nane. Yale macho yanayosikiliza. Wanaume wengi aliowajua walisikiliza ili wapate nafasi ya kusema wao, lakini huyu alisikiliza kana kwamba ataulizwa kwenye mtihani.

"Unaogopa?" alimuuliza.

"Nimecheza mbele ya watu elfu sitini wakinizomea."

"Sikukuuliza hilo."

"Naogopa," alisema Bado.

Alikuwa na haki ya kuogopa, maana jina lenyewe alilipata mikononi mwa huyo baba mkwe anayemtaka.

Wakati huo alikuwa na wiki tatu tu nchini, beki wa kati mrefu aliyesajiliwa kutoka mbali, haijui lugha hata ya kuombea maji. Wenzake walikuwa wamemfundisha neno moja la adabu. Watu wakikuuliza jambo na jibu ni hapana, walimwambia, usiseme hapana, inaumiza, sema bado. Basi akawa mtu wa bado. Umeshiba? Bado. Umezoea? Bado. Katika mechi yake ya tatu alimkwatua mtu, na refa, mzee mkali mwenye mgongo ulionyooka, akamwonyesha kadi ya njano na kumsomea somo refu mbele ya uwanja mzima, akamalizia kwa sauti: "Umenielewa?"

Yule kijana hakuwa ameelewa hata neno moja, na alikuwa mkweli.

"Bado," alijibu.

Uwanja uliangua kicheko, refa akaona anafanyiwa dharau, kadi ya pili ikatoka, na nyekundu ikafuata. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyemwita jina la kwao. Refa alirudi nyumbani amefura, akamsimulia binti yake huku akipiga meza. Binti alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha Jumatatu akapanda ngazi za shule yake ya lugha, vyumba viwili juu ya duka la vitambaa, akamkuta huyo mrefu amekaa dawati la mbele na daftari jipya. Klabu ilikuwa imemleta asome.

Hayo ni ya zamani. Jambo lililomnyima Mwalimu usingizi wiki hii lilikuwa jipya, na lilikuwa kwenye kila gazeti tangu Jumatatu: nchi aliyozaliwa Bado inamtaka arudi akafundishe timu yao ya taifa, na majibu yanatakiwa kabla ya Ijumaa. Ijumaa ilikuja ikapita. Bado hakusema neno. Mwalimu naye, kwa kiburi chake ambacho shangazi yake alizoea kukiita ugonjwa, hakuuliza. Mtu akikuposa, alijiambia, hatakiwi kuulizwa kama anaondoka. Lakini Jumatano alisahihisha madaftari thelathini bila kuona kilichoandikwa ndani.

"Twende," alisema, na akasukuma geti.

Sebule ya baba yake ilikuwa na viti vinne, meza moja, saa ya ukutani iliyokwenda mbele dakika mbili kwa makusudi, na picha moja kubwa: yeye mwenyewe katikati ya washika vibendera wawili, kipenga mdomoni. Kipenga chenyewe kilining'inia kwenye msumari chini ya picha. Tangu mama yake Mwalimu afariki, miaka minane sasa, hakuna kitu kilichohamishwa chumbani humo hata kwa unene wa kidole.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa."

Bado aliketi, magoti yakafika karibu na kidevu. Shangazi, dada mdogo wa baba, aliingia na sinia la chai, akasimama katikati ya chumba kumkagua mgeni kuanzia viatu.

"Kumbe kwenye televisheni wanakupunguza! Urefu wote huu! Kaka, huyu taa za juu si atakuwa anabadilisha bila ngazi?"

"Dada."

"Nasema tu. Nyumba hii taa ya ukumbini imeungua tangu mwaka jana."

Bado alitabasamu, na Mwalimu akamwona akijaribu kulificha tabasamu hilo ndani ya kikombe. Baba hakutabasamu. Alikunja gazeti lake mara mbili, akaliweka juu ya goti, na hapo Mwalimu akajua kwamba ile sentensi iliyofanyiwa mazoezi mara kumi haitapewa nafasi ya kuanza mchezo.

"Kabla hujasema lililokuleta," alisema baba, "nina maneno yangu. Mimi si mtu wa kusema mtu akiwa hayupo. Mpira wako naujua. Nilikuona ukivaa kitambaa cha unahodha, na sikuwahi kuona nahodha anayemwendea refa kwa heshima kama wewe. Goti lilipokatika ulirudi ndani ya miezi kumi, wakati daktari alisema basi. Ulipomaliza kucheza ulichukua timu ambayo haijafika fainali kubwa kwa miaka ishirini na minane, ukaifikisha. Hayo nimeyaandika kwa upande wako. Sikupunguzii."

"Asante, mzee."

"Subiri, sijamaliza. Uliacha nchi yako ukachukua yetu. Watu walifurahi, mimi nilijiuliza. Halafu ukacheza dhidi ya ndugu zako. Kona ikapigwa, ukaruka, ukafunga. Goli la ushindi. Nchi nzima iko juu ya viti, wewe umesimama umeinamisha kichwa kama umefiwa. Nikasema, moyo wa huyu uko kule. Sasa wamekuita, na gazeti linasema hujakataa." Aliligonga gazeti kwa kidole. "Nina mtoto mmoja. Mtu aliyeweza kuiacha nchi iliyomzaa, atashindwa nini kumwacha mwanangu? Au niseme atamchukua, amweke huko nisikojua hata njia yake?"

Mwalimu alihisi maneno yale yakimpata kifuani, si kwa sababu yalikuwa ya uongo, bali kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameyalalia wiki nzima bila kuyatamka. Alimtazama Bado. Sema, alimwambia kwa macho. Sema kitu chochote.

Bado alisimama. Mikono ilitafuta mifuko ikaikosa. Alifungua mdomo, na kwa kuwa akili zilikuwa zimemruka, ulimi ulikimbilia kile ulichokariri.

"Mzee," alisema, "nimekuja kwa heshima zote kuomba kuolewa na binti yako."

Saa ya ukutani ilisikika vizuri sana.

Halafu shangazi akapasuka. Alicheka mpaka akashikilia mlango, akajifunika uso kwa mtandio, mabega yakitikisika. "Jamani! Jamani mimi! Tutamtafutia gauni la saizi gani huyu?"

"Kuolewa?" Baba alilitamka neno polepole, silabi moja moja. "Wewe?"

Mwalimu alifumba macho. Mara ya sita! Ile ile ya mara ya sita! Miaka kumi na miwili ya masomo, mtihani wa uraia alioupita kwa alama za juu, mikutano na waandishi wa habari ambako aliwatania kwa lugha yao wenyewe, na leo, mbele ya mtu mmoja anayetakiwa kumwamini, amejitoa aolewe kama bibi harusi.

"Baba, ulimi umemteleza. Alitaka kusema..."

"Mwalimu." Bado aliinua kiganja, taratibu, vile alivyofanya akiwa pembeni mwa uwanja akiwatuliza wachezaji. Uso ulikuwa umemwiva kwa aibu. Lakini kitu fulani kilikuwa kimepita machoni pake, na Mwalimu alikifahamu: ndivyo alivyotazama alipouona mpira umedondoka mahali ambapo hakuna aliyeutegemea. "Usinisahihishe. Mzee, naomba dakika za nyongeza."

"Dakika za nyongeza anatoa refa." Baba alitazama saa. "Tatu."

"Binti yako alinifundisha somo hili mwezi wangu wa tatu. Nilimuuliza, kwa nini mwanamume anaoa na mwanamke anaolewa? Harusi si moja? Akacheka. Akaniambia, watu huangalia nani anahama. Anayeoa yuko kwao. Anayeolewa ndiye anayefunga mizigo. Anakwenda kwa watu. Anajifunza chumvi yao ni kiasi gani, anaanza kuwaita baba na mama watu ambao jana hakuwajua, anachekwa akikosea. Mpaka siku moja anasema 'kwetu', na kila mtu anajua anasema hapa. Basi niambie, mzee. Kati yangu na binti yako, nani alihama?"

Shangazi aliacha kucheka.

"Nilikuja na begi moja. Mmenicheka, mmenipa jina, nimelipenda kuliko la kwetu. Goti langu lilikatikia kwenye uwanja wenu, na waliolilia ni watu wenu. Wimbo wa taifa nimeuimba mara sitini na moja. Mara ya kwanza nilikosea maneno. Ya pili sikukosea. Mwanamke akiolewa miaka kumi na miwili, akafanya kazi, akafunga milango usiku na kuifungua asubuhi, yupo anayemuuliza kila mwaka atarudi lini kwao?"

"Na lile goli?" Baba hakuwa ameinua sauti.

"Lile goli. Tuseme binti yako ameolewa mbali. Siku moja mashindano yakawaleta hapa, akakushinda wewe baba yake, mbele ya watu. Angesherehekea mbele yako?"

Baba alimtazama binti yake.

"Hapana," alisema. "Hakulelewa hivyo."

"Nami sikulelewa hivyo. Mama yangu alikuwa jukwaani, mzee. Amekaa upande wa watu wa kwao, peke yake, amevaa jezi yenu yenye namba yangu mgongoni. Niliinamisha kichwa kwa ajili yake. Ndugu zake walimzomea kwa ajili yangu dakika tisini nzima na hakuivua."

Mwalimu hakulijua hilo. Miaka yote, hakuwahi kumwambia. Macho yalimjaa akayaacha yajae, hakuwa na nguvu ya kujifanya.

"Na barua ya hao waliokuita?"

"Barua ilifika Jumatatu. Nimewajibu Jumatano, kwa lugha ya mama yangu, ili wasikie vizuri. Nimewaambia asante, timu ninayo."

"Jumatano?" Mwalimu alijikuta amesimama. "Jumatano! Na mimi umeniacha mpaka leo nasahihisha madaftari kwa machozi?"

"Ningekuambia wewe kwanza, mzee angesema umenizuia. Nilitaka ajue nimebaki mwenyewe."

"Ungeninong'oneza basi!"

"Na wewe ungeniuliza basi!"

"Haya, haya," alisema shangazi akijipangusa machozi ambayo sasa hayakuwa ya kicheko. "Hata ndoa haijafungwa, ugomvi umeshakolea. Kaka, hawa washakuwa mume na mke. Na wewe sema ukweli wako. Huogopi huyu kuondoka. Unaogopa nyumba itakuwa kimya. Maana kama ni kumchukia, ni nani aliyekuwa anagombana na televisheni kila walipomchezea vibaya huyu? Ni nani alisema kwa sauti, majirani wakasikia, 'Mpeni kadi huyo, anamuumiza Bado wetu'?"

"Dada!"

"Wetu, ulisema. Nilikuwepo."

Baba aliinuka. Alikwenda mpaka kwenye picha, akawapa mgongo wote, akakigusa kipenga kwa ncha ya kidole kikaanza kubembea. Mgongo ule ulionyooka Mwalimu aliuona umeshuka kidogo, na kwa mara ya kwanza aliona jinsi baba yake alivyozeeka.

"Ile kadi," alisema baba akiuangalia ukuta. "Hukuwa unanidharau."

"Hapana, mzee. Sikuwa nimeelewa."

"Mbona hukukata rufaa?"

"Sikulijua neno rufaa."

Kikatoka kitu kooni mwa mzee ambacho kingeweza kuwa kikohozi. "Nilijua wiki ileile. Huyu alinieleza," alisema, akimwonyesha binti yake bila kugeuka, "aliporudi kutoka kukufundisha siku ya kwanza. Refa hafuti kadi. Lakini nilijua." Aligeuka. Macho yake yalimpita Bado yakatua kwa binti. "Na wewe unasemaje? Hujasema la moyoni mwako tangu mmeingia, umekazana kumsahihisha mwenzio tu. Unamtaka?"

Mwalimu hakuwahi kukosea sarufi mbele ya mtu yeyote tangu apate cheti chake. Wanafunzi walimtania kwamba hata akijigonga kidole analia kwa sentensi kamili. Alimtazama yule mtu mrefu aliyesimama katikati ya sebule na suti yake ya kijivu, aliyevuka nusu ya dunia akaja kuwa wa hapa, akawa bora hapa kuliko wengi waliozaliwa hapa, na hakuona haya tena hata chembe.

"Namuoa, baba," alisema.

Vigelegele vya shangazi vilifika mpaka nyumba ya tatu. Bado alikaa ghafla, kiti kikalia, naye akajifunika uso kwa mikono yote miwili. Wachezaji wake wasingeamini kama wangemwona.

"Kimya!" Baba alirudi kitini, akavuta suruali kwenye magoti kabla ya kuketi, kama afanyavyo siku zote. "Kuna masharti. Kama wewe ndiye unayeolewa, basi wewe ndiye unayehamia karibu. Sitaki mwanangu asajiliwe kila msimu klabu mpya. Siku wakikufukuza kazi, na makocha wote hufukuzwa, hamfungi mizigo kwa hasira. Mnakuja hapa, mnakunywa chai, tunaongea. Jumapili ni yangu. Na ile taa ya ukumbini." Alimkazia macho, sauti ikapanda mpaka kwenye ile sauti ya uwanjani ambayo Mwalimu aliisikia utotoni kupitia redio. "Umenielewa?"

Chumba kizima kilisimama. Mwalimu alishika mgongo wa kiti. Shangazi alibana mdomo wake kwa mtandio. Bado aliondoa mikono usoni, akamtazama refa aliyemtoa nje miaka kumi na miwili iliyopita, na pembe za midomo zikaanza kumcheza.

"Nimekuelewa, mzee."

"Alhamdulillahi," alisema baba akijiegemeza. "Mkono ulikuwa umeshaingia mfukoni."

Jua lilikuwa limeshuka mpaka kwenye ukuta wa jirani walipotoka. Taa ya ukumbini ilikuwa inawaka. Shangazi alikuwa amesimama chini akishikilia balbu ya zamani na kutoa maelekezo ambayo hayakuhitajika, na kweli, hakuna ngazi iliyotumika.

Getini, Mwalimu alimzuia Bado kwa kushika kidole chake kimoja.

"Sasa niambie kweli. Ulikusudia au ulikosea?"

Bado alitazama huku na huku kama mtu anayetaka kutoa siri ya timu.

"Nilikosea."

"Nilijua!"

"Nilikosea vibaya sana. Nikasikia shangazi anacheka, nikatamani ardhi inimeze. Halafu nikalisikiliza lile neno. Nikaona, mbona ndilo lenyewe?" Aliinamisha kichwa mpaka paji lake la uso likagusa la kwake. "Wakati mwingine unapiga krosi, mpira unakwenda golini. Hakuna anayekuuliza ulikusudia nini."

"Kesho saa mbili, daftari. Kuoa, kuolewa, kuoana. Mistari ishirini."

"Kuoana sijafundishwa."

"Nilikuwa nakuwekea," alisema Mwalimu, na sauti yake ikamsaliti katikati.

Hawakuagana. Walisimama tu, kidole ndani ya kiganja, macho ndani ya macho, huku mtaa ukiwapita na baiskeli zake na redio zake. Mwalimu alifikiria Jumatatu mpaka Jumapili, wiki nzima aliyoishi akijiandaa kumkosa, akaona ajabu kwamba mtu anaweza kuogopa hivyo kitu ambacho hakikuwa kinakuja.

Dirisha la sebule lilifunguka nyuma yao. Sauti ya baba ilitoka, ikijitahidi sana isionekane inajali.

"Wee binti! Huyo mtu wako ameshaondoka?"

Mwalimu aliusikia moyo wake ukicheka kabla yeye hajacheka.

"Bado, baba."